Sakafu ya Juu ni Paa la Chini

Dalili ya kwanza haijitokezi bafuni. Hujitokeza chini yake, kwenye dari ya sebule: doa la rangi ya chai, lenye ukingo uliokolea kuliko kati yake. Mwenye nyumba hulipaka rangi nyeupe, nalo baada ya wiki chache hurudi likiwa pana zaidi. Miezi hupita. Huko juu kigae kimoja huanza kutoa sauti ya mtungi mtupu kinapogongwa. Maji ya kuoga huacha kwenda kwenye tundu, yakatuama katikati ya chumba. Na siku moja anayeingia na ndoo iliyojaa huhisi sakafu ikinesa chini ya nyayo zake. Hapo ndipo fundi huitwa, na mara nyingi huitwa kwa agizo lililokosea tangu mwanzo: njoo utusawazishie sakafu. Makala haya yanatetea jambo moja, kwamba sakafu ya bafu la ghorofani ni paa linalonyeshewa kila asubuhi na kila jioni, kiangazi na masika, na kwamba anayeitengeneza kama sakafu ya kawaida ataitengeneza tena.

Kwa mtu wa Chiwanda, au wa kijiji chochote cha mwambao huu wa Ziwa Nyasa, jambo hili laweza kuonekana la watu wa mbali. Nyumba nyingi huku ni za chini, za matofali ya kuchoma, na bafu ni kibanda cha uani ambacho maji yake huishia kwenye migomba. Lakini mambo yanabadilika. Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 ikawa wilaya yenye makao yake Mbamba Bay, lami ikateremka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani, na mwenye kiwanja sasa anapiga hesabu ya nyumba ya kulala wageni yenye vyumba vya juu vinavyotazama maji. Pamoja na ghorofa huja bafu la juu, na pamoja na bafu la juu huja bomba lenye maji usiku na mchana. Ndoo ya lita 20 ikimwagika yote, hasara yake ni lita 20. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde, hata ukihesabu matone 20 kuwa mililita moja, hutoa zaidi ya lita 4 kwa siku, na halina siku ya mapumziko. Anayejenga au kukarabati ghorofa leo hana sababu ya kulipia upya makosa ambayo wengine wamekwisha kuyalipia, hasa kwa kuwa elimu anayoihitaji anaijua tangu utotoni. Iko juu ya kichwa chake.

Tazama paa la nyasi. Unyasi mmoja hauzuii maji, na hata tita zima ukililaza bapa na kulimwagia ndoo litavuja. Linalomlinda aliyelala ndani ni mteremko mkali usioyapa maji nafasi ya kukaa, tabaka zilizopandana zikawa ngozi moja, na ukingo unaoyatoa maji mbali na ukuta. Mteremko, ngozi na njia ya kutokea: paa la bati lina hayo hayo matatu, na likipungukiwa na moja huvuja, ndiyo maana bati lililolazwa mno huanza kuvuja kwenye misumari. Hakuna fundi wa Nyasa atakayeezeka paa bapa na kutegemea rangi. Lakini fundi huyo huyo akipanda ghorofani huitandaza sakafu ya bafu kama meza, akabandika vigae vizuri, akajaza saruji nyeupe kwenye viungo, na kukusanya vifaa vyake. Wenzetu Wamatengo wa milima ya Mbinga wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi kwa kuchimba ngolo, yale mashimo yaliyopangana kama vyumba vya sega la nyuki, yanayoyashika maji ya mvua yasiburure udongo huku mazao yakistawi kwenye matuta. Hawakushindana na maji. Waliyaamulia pa kwenda. Bafu linahitaji uamuzi wa aina hiyo, ila wa kinyume: ngolo huyaambia maji yakae, bafu lazima liyaambie yaondoke.

Hata lugha yetu ina kumbukumbu ya jambo hili. Sakafu ni neno lililotoka Kiarabuni, na huko saqf ni paa au dari, kitu kilicho juu ya kichwa cha mtu. Katika miji ya mawe ya mwambao wa bahari neno hilo lilikuja kumaanisha tabaka la chokaa na mawe lililotandazwa na kupondwa, liwe la paa bapa au la chumba cha juu, kwa kuwa lilikuwa kitu kimoja: wa juu anakanyaga, wa chini anajisitiri. Saruji nayo ina ukoo wa maji. Kule Oman, saruj ni udongo uliochomwa na kusagwa, unaochanganywa na kujengea mifereji ya aflaji na mabirika, mahali ambapo chokaa peke yake isingevumilia maji ya kudumu. Waliotuachia maneno haya walijua kutofautisha tabaka la kukanyaga na tabaka la kuzuia maji. Sisi tumebaki na maneno, tofauti yake tumeisahau.

Gharama ya kusahau huko inaonekana vizuri zaidi Unguja, katika Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba za pale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kutoka ukuta hadi ukuta zimelazwa boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe, na juu ya mawe zege la chokaa lililopondwa kwa miti siku kadhaa mpaka likakaza. Urefu wa boriti, kama mita 3 hivi, ndio ulioamua upana wa vyumba. Sakafu ya namna hiyo yaweza kufika unene wa sentimita 30, mzigo mkubwa hata ikiwa kavu. Boriti ya mkoko ni mti mgumu, na ikikaa kavu hudumu umri wa watu kadhaa. Pahala pake pabovu ni ncha, ile sehemu iliyozama ukutani, ambako hewa haifiki na jicho halifiki. Kuvu wanaoozesha mti hawaanzi kazi ikiwa unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu. Ukipanda kupita asilimia 30 na kubaki huko, hula bila haraka na bila kelele.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji ule zilitaifishwa, na jumba lililokuwa la ukoo mmoja likagawiwa familia kadhaa. Watu waliohitaji kuoga na kupika waliongeza mabafu na majiko ghorofani, mahali ambapo mjenzi wa kwanza hakuyapangia maji. Bomba likivuja ndani ya zege la chokaa halisikiki, kwa sababu chokaa huyanywa maji, huzidi kuwa nzito, na kuyapeleka polepole hadi kwenye ncha za boriti. Kwa hiyo boriti inadhoofika wakati huo huo mzigo wake unaongezeka. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na uvujaji wa ndani ni adui anayejulikana wa nyumba zile. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo. Hicho hakikuwa kisa cha bafu, na jumba lile lilikuwa na maradhi yake ya muda mrefu. Lakini kilimkumbusha kila mtu kwamba jengo linaweza kusimama likitazamika vizuri usoni huku mifupa yake imekwisha.

Msomaji wa leo atasema: hayo ni ya boriti na chokaa, sisi tunamwaga zege lenye nondo, na zege halina cha kuoza. Ni kweli kwamba kuvu hawali zege. Lakini nguvu ya sakafu ya zege kuhimili kupinda imo ndani ya nondo, na nondo ni chuma. Zege zima lina hali ya kialkali inayoivisha nondo utando mwembamba wa kuikinga na kutu. Maji yanayopita kwenye nyufa mwaka baada ya mwaka, pamoja na hewa inayoingia na kuinyang'anya zege ile alkali, huuvunja utando huo. Kutu nayo haikai mahali pa chuma ilichokula: huvimba ikachukua nafasi ya zaidi ya mara mbili, ikalipasua zege kutoka ndani. Ndipo plasta ya dari inapobanduka vipande vipande na nondo za rangi ya kahawia kuchungulia sebuleni. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo siku ya kumwaga zege nondo zililazwa moja kwa moja juu ya mbao bila vijiwe vya kuziinua sentimita mbili au zaidi, kwa kuwa zege hilo la chini, yaani kava, ndilo blanketi la nondo. Mti huoza na chuma huota kutu, na aliyefungua mlango ni yule yule: maji.

Tena haihitaji karne. Mjini Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, usiku wa tarehe 16 Juni 2015, baraza ya ghorofa ya tano ilikatika vijana wakiwa wamesimama juu yake. Sita walikufa, wengine saba wakaumia. Jengo lile lilikuwa na umri wa miaka minane tu. Mbao zilizoibeba baraza zilikutwa zimeoza, na uchunguzi ulieleza kwamba maji yalikuwa yamefungiwa ndani yake, chini ya tabaka lililokusudiwa kuyazuia. Nchi ile ina maabara, wakaguzi na sheria nene kuliko zetu, na ajali ile ikaifanya California itunge sheria nyingine mwaka 2018 ya kulazimisha ukaguzi wa mabaraza ya juu. Lakini mti uliofunikwa ukiwa umelowa hauangalii uko nchi gani. Funzo lake kwa fundi wa bafu ni zito: kuziba juu kabla ya kukausha ndani ni kuyafunga maji pamoja na mbao chumba kimoja.

Hapa ndipo methali yetu mashuhuri inapotupotosha tukiifuata kwa pupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa, nasi tunakimbilia kuziba. Kwa sakafu iliyolowa, ufa ni barua, na anayeichana kabla ya kuisoma hajui alichoandikiwa. Chukua kosa linalofanywa zaidi: sakafu imebonyea katikati kwa sentimita kadhaa, fundi anaijaza kwa saruji na mchanga ili iwe sawa, kisha anabandika vigae vipya juu ya vya zamani. Tuseme bafu ni la mita 2 kwa mita 2.5, yaani mita 5 za mraba, na jazo lina unene wa wastani wa sentimita 5. Hiyo ni robo ya mita ya ujazo, na kwa uzito wa mchanganyiko wa saruji na mchanga ni karibu nusu tani. Mbao au nondo zilizokwisha kulalamika zimetwishwa mzigo wa watu saba wasioondoka kamwe. Sakafu itaonekana imenyooka kwa msimu mmoja, kisha tumbo litashuka tena, safari hii kwa kasi.

Wengine hujibu kwamba kigae chenyewe hakipitishi maji. Kigae kizuri kweli hakipitishi, lakini bafu halina kigae kimoja. Lina makumi ya viungo, pembe nne, mlango, tundu la maji, shina la choo, na kila kimoja ni mpaka baina ya vitu viwili vinavyotanuka na kusinyaa kwa mwendo tofauti. Saruji nyeupe ya kwenye viungo hunyonya maji. Silikoni ya pembeni huzeeka na kubanduka. Vigae ni nguo ya nje ya kupendeza na kurahisisha usafi. Ngozi iko chini yake, na kama haipo, hapana kitu. Wapo pia wanaotia dawa ya kuzuia maji ndani ya mchanganyiko wa saruji na kuamini imetosha. Dawa hiyo hupunguza unyonyaji wa saruji yenyewe, na hilo ni jema, lakini saruji ikipasuka, maji hupita kwenye ufa bila kuuliza kama pembeni pana dawa.

Basi kazi iende kwa mpangilio gani? Kwanza yatafutwe maji, kwa sababu yana njia tatu tu za kuingia: bomba linaloleta, bomba linalotoa, na sakafu yenyewe. Funga mabomba yote usiku, soma mita, uisome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, bomba linaloleta ndilo linalovuja. Pasipo na mita, funga maji yanayojaza simtanki, weka alama ya kina na uitazame asubuhi. Ikiwa hakuna kilichosogea, mimina ndoo moja moja kwa moja ndani ya tundu la maji taka bila kulowesha sakafu, na umweke mtu chini aitazame dari: ikilowa, kosa liko kwenye bomba la kutolea au kiungo chake. Isipolowa, na doa likazidi siku watu wakioga, mshtakiwa ni sakafu. Jaribio hilo halina gharama, lakini linaweza kuokoa bafu zima, maana kuna vigae vilivyovunjwa vyote kwa ajili ya kiungo kimoja cha bomba la plastiki ambacho hakikutiwa gundi.

Pili ni mifupa. Kabla ya kuvunja chochote, chini pawekwe mirunda na ubao wa kugawa mzigo, kwa kuwa sakafu iliyochoka huweza kuwa inashikiliwa na vigae na mazoea tu. Kisha sakafu ifunguliwe na iachwe ikauke kweli, kwa wiki ikibidi, dirisha likiwa wazi. Kwenye mbao, kipimo cha fundi seremala ni bisibisi: mti mzima huikataa ncha yake, mti uliooza huipokea kama muhogo uliochemka. Kilichooza kikatwe mpaka kwenye mti mzima na kupita kidogo, na ubao mpya uliotiwa dawa ulazwe ubavuni mwa ule wa zamani kama pacha, ukifungwa kwa bolti na kufika ukutani kwa ncha zake zote mbili. Hapa fundi bomba asimamiwe kwa jicho kali. Nguvu ya ubao kuhimili kupinda hufuata kimo chake kikizidishwa kwa chenyewe. Ubao wa kimo cha sentimita 15 ukichongwa pengo la kupitisha bomba ukabaki na 10, hapo penye pengo nguvu iliyobaki ni asilimia 44 tu. Sakafu nyingi zilizobonyea hazikuangushwa na maji peke yake. Msumeno ulianza kazi, maji yakaimaliza.

Kwenye zege, kilichopasuka kigongwe mpaka nyuma ya nondo, kutu isuguliwe hadi chuma kionekane, na zege jipya lijazwe kwa uangalifu na kumwagiliwa siku saba au zaidi. Ikiwa nondo zimelika sana, au sakafu nzima imeshuka kiasi cha kuonekana kwa macho bila pima maji, hiyo imetoka mikononi mwa fundi mwashi. Ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa, na kila halmashauri ya wilaya ina ofisi ya kuanzia kuuliza. Katika nyumba za kale za mwambao wa bahari kuna onyo moja zaidi: ukuta wa chokaa utiwe chokaa. Lipu ngumu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe huuzuia unyevu usipumue nje, nao hurudi ndani kutafuta ncha za boriti.

Tatu ni lile paa lenyewe. Tabaka la chini liwekewe mteremko kuelekea kwenye tundu, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kabla ya kufikiria vigae, ili hata maji yatakayopenya viungo yakute njia ya kutokea. Juu ya mteremko ije ngozi: utando wa kupaka kwa tabaka mbili au zaidi, au shiti la lami. Ubora wa ngozi hii haupimwi katikati ya chumba, ambako kila mtu hupaka vizuri. Piga goti utazame pembe ambako sakafu inakutana na ukuta. Je, kitambaa cha kuimarisha kimezamishwa ndani ya dawa, na ngozi imepanda ukutani angalau sentimita 15, na kwenye upande wa kuogea ikapanda juu zaidi ya kichwa? Tazama shina la bomba linapotoboa sakafu. Je, ngozi imelikumbatia pande zote, au imeishia kando yake kama nyasi zilizokatwa kuzunguka mti? Tazama mlangoni. Je, sakafu ya bafu iko chini kidogo kuliko ya ukumbi? Watu wa ziwani wanajua kwamba mashua haizami kwa sababu ya ubao wake mpana. Huzama kwa sababu ya tundu dogo karibu na kiungo.

Pingamizi lenye uzito ni la fedha. Mwenye nyumba atasema: kusubiri ikauke, mbao mpya, ngozi ya tabaka mbili, yote hayo ni gharama ya mtu mwenye nacho. Lakini tazama hesabu inakokwenda. Katika kazi ya haraka, fedha huliwa na vigae, gundi na siku za fundi. Ngozi na kiungo cha bomba ni sehemu ndogo ya bei. Anayeiruka ngozi anaokoa kidogo na kukiweka rehani kikubwa, kwa sababu haiwezekani kuirudia bila kuvunja vigae vyote alivyonunua. Mwenye fedha kidogo ndiye hasa anayepaswa kugeuza mpangilio: aweke mteremko na ngozi mwaka huu, aifunike kwa saruji laini ya kawaida, na vigae visubiri msimu wa kahawa ujao. Bafu lisilo na vigae lakini lina ngozi ni bafu. Bafu lenye vigae lisilo na ngozi ni chombo cha kumwagilia sebule.

Pingamizi la pili ni la busara zaidi, nalo linastahili kukubaliwa nusu. Kwa nini bafu liwe juu hata kidogo? Kule Unguja, hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850 na ile ya Hamamni aliyoijenga Sultani Barghash, mahali palipotumika maji mengi, zimekaa juu ya ardhi, ambako tone lililopotea halina wa kumdondokea. Mtu wa Chiwanda mwenye kiwanja kipana na migomba yenye kiu anaweza kuliacha bafu lake uani bila kuona haya, na mwenye ghorofa ambayo mifupa yake imeoza sana anaweza kukuta kwamba kulihamishia bafu chini ni nafuu kuliko kuliponya juu. Huo ni ukarabati pia. Lakini haliwezi kuwa jibu la wote. Mzee asiyeweza kushuka ngazi usiku, mgonjwa, mgeni aliyelipia chumba cha juu, familia ya mjini yenye kiwanja cha hatua kumi, hao wanalihitaji bafu la juu. Pakiwa na sababu ya kuliweka huko, sababu hiyo hiyo inatosha kulijenga kama paa.

Inabaki mtihani, na huu ufanywe kabla kigae cha kwanza hakijashuka kwenye gari. Ngozi ikishakauka, na mifupa ikiwa imekwisha kuponywa, ziba tundu la maji na weka kizingiti cha muda mlangoni. Mimina maji hadi yafike kina cha wastani wa sentimita 2.5, kwa bafu lile la mita 5 za mraba ni lita 125, ndoo sita za lita 20 na kidogo. Piga mstari wa penseli ukutani kwenye usawa wa maji, ufunge mlango, uyaache kwa saa 24. Kesho yake mstari na maji vikiwa bado pamoja, au vimeachana kwa unyuzi tu wa mvuke, usishangilie bado. Shuka ngazi, simama juu ya kiti sebuleni, weka kiganja kwenye dari palipokuwa na lile doa. Fundi asubiri malipo yake ya mwisho hapo hapo, chini, pamoja na wewe. Kiganja kikirudi kikavu, mwambie ashushe vigae.